Nilisema Ni Jino

Jumapili, saa tisa alasiri. Kirumba, Mwanza.

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Sasa imekatika, ila wingu limebaki palepale juu ya ziwa, kama mgeni aliyekwisha kuaga halafu akakaa tena. Dagaa wa leo hawatakauka. Kesho kule mwaloni, soko letu la samaki, watauzwa wale wa rangi ya njano, wachungu, na kuna mtu atawanunua kwa sababu mimi sipo kumwambia.

Siku ya nane leo sijatoka nje ya geti.

Wengi mnaopita hapa mnanijua kwa dagaa tu. Binti yangu Neema ndiye aliyenifungulia blogu hii, ili niandike namna ya kuwachagua, kuwaosha na kuwaunga kwa karanga. Nimeona mnavyouliza chini ya lile andiko la mwisho: Mama Neema umepotelea wapi, Mama Neema umeolewa nini. Hapana, sijaolewa. Nimekaa sebuleni na skafu shingoni kwenye joto hili, na hodi ikipigwa nazima redio ili ionekane hakuna mtu.

Leo siandiki habari za dagaa.

Nina saratani ya ulimi.

Basi, nimeiandika. Mpaka naandika haya, nje ya hospitali anayejua ni Neema peke yake. Wengine wote nimewaambia ni jino.

Nieleze kwanza ulimi wangu ulivyokuwa, maana mtu asiyefanya kazi yetu hatanielewa. Kule mwaloni dagaa hatuwapimi kwa macho peke yake. Mfanyabiashara akija na magunia yake, unachomoa dagaa mmoja katikati ya gunia, siyo juu, kwa sababu juu wanapanga wazuri. Unamvunja kwa meno ya mbele, unambiringisha upande wa kushoto wa ulimi, unatema. Mchanga unausikia hapo hapo. Unyevu unausikia. Nilikuwa nawajua waliokaushwa juu ya mwamba na waliokaushwa mchangani, na waliolala na mvua usiku mmoja halafu wakaanikwa upya ili wadanganye watu. Wanunuzi wa Kongo walikuwa wanaingia sokoni wananiuliza mimi kwanza. Najisifu, najua, lakini leo niacheni nijisifu.

Mwaka jana, kama mwezi wa tisa hivi, nikaanza kusikia chumvi inachoma upande huo huo wa kushoto. Nikajiangalia kwenye kioo. Kidonda kidogo, punje ya mchele. Nikasema ni mwiba wa dagaa. Kikakaa mwezi, kikakaa miezi miwili, na mimi nikahamia upande wa kulia kimyakimya, wala Nyanzala hakugundua. Nyanzala ni mwenzangu wa meza, tumekaa pamoja miaka kumi na minne, na akiamua kukuchunguza hata upele wa kisigino anauona.

Nyanzala aliona shingo.

Kilikuwa kivimbe chini ya taya, upande wa kushoto, kama mbegu ya parachichi iliyozama ndani ya nyama. Hakikuuma hata kidogo. Akakibonyeza kwa kidole chenye chumvi, akacheka: "Huo ni mshipa wa mzigo, mama. Nani hapa hana?" Wanawake wa meza za jirani wakaanza kujipapasa shingo zao, kila mmoja akitafuta wake. Sisi tuliokulia kwenye kubeba magunia kichwani tunaamini hivyo, kwamba shingo iliyobeba sana inaota kifundo, na kifundo hicho ni alama ya mtu mchapakazi. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa na raha. Kitu kisichouma, mtu unaanzaje kukihangaikia?

Tena najilaumu kwa jambo jingine. Maumivu ya mdomo yalipozidi nilikwenda kung'oa jino. Nilikaa kwenye kiti nikasema "ni hili hapa," na nikaubana ulimi upande wa pili daktari wa meno asiuone. Sikutumwa na mtu. Nilitaka liwe jino, basi. Jino linang'olewa unakwenda zako. Likang'olewa, zima kabisa, halina hata doa, na mimi nikalifunga kwenye karatasi nikaondoka nalo kama ushahidi.

Kuanzia hapo uongo ulikuwa na kitu cha kushika. Kila aliyeniona nakula polepole nilimwambia nimetoka kung'oa jino.

*

Kwenye hospitali kubwa nimefika kwa sababu ya Neema. Anasoma ualimu, na wiki ya likizo aliniona natema damu kwenye sinki. Kesho yake asubuhi akasimama mlangoni amevaa viatu, mkoba wangu mkononi, na hakuondoka mlangoni mpaka nilipovaa na mimi.

Walikata kinyama kidogo cha ulimi wakakipeleka kupimwa. Wakachoma sindano kwenye kile kivimbe cha shingo. Wakanipitisha kwenye mashine. Majibu yakatoka, na daktari aliyenisomea ni binti mdogo, mpole, ukimwongezea Neema miaka minane hivi unampata. Aliniamkia kabla ya kukaa. Alivyoniamkia tu nikajua si habari njema.

Akasema watakata sehemu ya ulimi, na watafungua shingo.

"Daktari," nikamwambia, "kidonda kiko mdomoni. Shingo imewakosea nini?"

Hakucheka. Akageuza karatasi, akachora ulimi kama jani, na kutoka kwenye ulimi akateremsha mistari kama vijito, chini ya taya, pembeni ya shingo mpaka mfupa wa bega. Kwenye mistari akaweka viduara kama maharage. Akasema mwilini kuna maji mengine yasiyo damu, yanaitwa limfu, yanazunguka yakikusanya taka na wadudu wa maradhi. Ya ulimi yote yanashuka shingoni. Vile viduara ni tezi, na kazi yake ni kuchuja. Ndiyo maana ukiwa na kidonda cha koo tezi zinavimba, zinauma, halafu zinarudi.

Hapo nilimfuata vizuri. Ni chekeche. Unamwaga dagaa, mchanga unapita, takataka kubwa inabaki juu.

"Sasa saratani," akasema, "ni chembe za ulimi wako mwenyewe zilizoacha kusikia amri. Zinazaana tu. Baadaye chache zinabanduka, zinaingia kwenye haya maji, zinateremka. Zinafika kwenye tezi ya kwanza, tezi inazikamata."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Ndiyo kazi yake, mama. Ila ikizikamata hazifi. Zinaanza kuzaana humo humo ndani. Tezi inajaa, inakuwa ngumu, haiumi. Ikijaa sana inapasua ganda lake, inashikamana na nyama na mishipa, na nyingine zinateremka kwenye tezi inayofuata."

Akanigusa shingo. Akakisukuma kile kivimbe mbele na nyuma, na nikasikia kabisa kwamba hakitembei kama kilivyotembea siku ya Nyanzala. Kimeshika.

Kwa hiyo tezi yangu ilifanya kazi. Ilisimama mlangoni ikakamata mwizi, ikajifungia naye ndani. Nimeifikiria sana siku hizi nane, na kuna wakati naionea huruma kuliko ninavyojionea mimi.

Mashine imeonyesha tezi mbili. Kifua ni safi, ini ni safi. Alirudia hilo mara tatu. "Bado iko shingoni," alisema. "Nataka tuitoe ikiwa bado iko shingoni." Watatoa na tezi nyingine zote za upande huo, hata zile zinazoonekana nzima, kwa sababu chembe zikiwa chache mashine haizioni. Baadaye mionzi. Bega la kushoto litakuwa zito, mazoezi yatalilegeza, lakini magunia kichwani basi. Nitaongea, ila maneno yatakuwa mazito na watu watalazimika kunizoea. Nikamuuliza kuhusu kuonja. Akafikiri, hakunidanganya. Akasema nitabaki na upande wa kulia, na mionzi nayo itaharibu ladha kwa muda, na hajui itarudi kwa kiasi gani.

Nitampima dagaa na nini?

Sikumuuliza hilo. Alinipa fomu nikaisome nyumbani, nijadiliane na ndugu. Nalazwa kesho Jumatatu, upasuaji ni Jumatano. Fomu ipo mezani chini ya kopo la majani ya chai, na siku zote hizi nimekuwa nikinyanyua kopo, nachukua majani, narudisha kopo. Nikisaini naupoteza ulimi wangu. Nisiposaini utanipotea hivyo hivyo, na mimi nitakwenda nao. Nimegeuza jambo hili kila upande, sioni pa kutokea.

*

Kuna swali moja la daktari sijawasimulia.

"Unavuta sigara, mama?" Nikasema sivuti. Ni kweli, sijawahi kushika sigara maishani. Akaniangalia. "Kuna kitu unaweka mdomoni?"

Nikauchezea mkoba wangu mpaka Neema akageuka kunitazama.

Kwetu ni Ukerewe. Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipoanza kuanika dagaa na mama yangu. Unafika ufukweni mitumbwi ikiwa inarudi, giza halijaisha, tumbo tupu, na harufu ya dagaa wabichi inakupanda mpaka kichwani. Siku ya kwanza nilitapika. Mama akafungua pindo la kanga yake, akatoa tumbaku iliyosagwa na magadi, akaifinya kidogo, akaniambia, "Weka hapa pembeni ya ulimi. Utasahau njaa." Na kweli nikasahau. Mama zetu wote waliweka. Yule mwanamke hakuwa na chai ya kumpa mtoto wake, akampa alichokuwa nacho.

Tangu siku ile sijaacha. Upande wa kushoto. Neema hakujua, Nyanzala anajua lakini naye anayo yake.

Nilipokiri, daktari alisema tumbaku ya kuweka mdomoni, tena yenye magadi, ni miongoni mwa visababishi vikubwa. Alisema pia kwamba kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kuapa ni hiyo. Nililishika hilo la pili nikaondoka nalo.

Mama yangu bado yupo kisiwani, peke yake na kuku wake, na ana sabini na kitu. Nilipomwambia kwenye simu kwamba nina jino, alifanya ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya. Alifunga tumbaku kwenye kitambaa, fundo kubwa kama ngumi, akampa mtu wa meli aniletee. Dawa ya jino! Kwetu jino likiuma unaipachika tumbaku hapo hapo linapouma, na kwa kweli inatia ganzi. Nikampokea yule mtu bandarini, nikamshukuru. Na nikaiweka. Juu ya kidonda. Wiki tatu nimeiweka juu ya kile kidonda, nikimpigia mama kumwambia naona nafuu, naye anafurahi, anawatangazia majirani kwamba dawa yake imefanya kazi Mwanza.

Ndipo nilipofungwa. Nikimwambia ninaumwa nini, ataniuliza kimesababishwa na nini, na mama yangu si mjinga. Atakaa kwenye kile kigoda chake aukumbuke ule ufukwe. Nilijiambia afadhali nikatwe ulimi nikiwa na siri yangu kuliko kumbebesha yule mama jambo kama hili. Nitamwambia meno yote yaliharibika. Nitamwambia nilianguka. Nilikuwa nimeshaanza hata kuupanga uongo wa baada ya upasuaji, wa kwa nini naongea kama nimejaza mdomo.

*

Leo saa sita mchana mama alipiga simu. Neema alikuwa amekwenda sokoni kununua beseni na chupa ya chai vya kwenda navyo wodini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Jino linasemaje?"

"Linaendelea vizuri, mama."

"Weka dawa, usiache. Hata mimi huku la kwangu linanisumbua, huku kushoto. Uji wa moto siutaki kabisa. Naweka dawa hiyo hiyo. Na shingo nayo imekaza upande huo, nadhani ni kuni nilizobeba juzi."

Nikampa pole. Nikamwambia apunguze kubeba kuni. Tukaagana, nikarudi kwenye viazi vyangu.

Nilimenya cha kwanza. Nilimenya cha pili. Cha tatu kikanitoka mkononi.

Mama yangu hana jino upande wa kushoto.

Hana hata moja. La mwisho lilitoka mimi nikiwa darasa la tano, na sisi watoto tulimcheka akila muwa kwa upande wa kulia huku shavu la kushoto limebonyea. Wajukuu wanamtania mpaka leo kwa hilo, wanamwita nusu trekta kwa kuwa anasaga upande mmoja tu, naye anawafukuza kwa ufagio huku anacheka. Hakuna jino la kuuma kule. Pale kuna ulimi na fizi tupu na tumbaku ya miaka hamsini.

Na shingo ya kuni.

Nilikaa chini sakafuni karibu na maganda ya viazi. Sijui ni kwa muda gani. Nilikuwa nimemdanganya mama yangu ili asiumie, na yeye alikuwa ananidanganya mimi kwa uongo ule ule, neno kwa neno, tena labda kwa sababu ile ile. Nilipokuwa namwambia nafuu, yeye alikuwa anapata moyo wa kujiongezea tumbaku.

Nilihisi hasira. Siyo kwake. Kwangu, na kwa zile wiki tatu za kumsifia dawa.

Nimekuja kuandika haya ili nipate nguvu ya kushika simu. Naishia hapa kwanza.

*

Saa kumi na moja na nusu. Nimempigia.

Sikumwamkia hata. Nikamwambia, "Mama, upande wa kushoto huna jino."

Nikasikia kuku wake. Nikasema, "Na mimi sina. Nililing'oa bure, lilikuwa zima." Halafu nikamwambia yote, mstari kwa mstari kama yule binti alivyonichorea: kidonda, maji yanayoshuka, tezi inayokamata, kivimbe kisichouma. Nilisema taratibu ili kila neno lifike. Nilitamka vizuri, vizuri kabisa, nikijisikia mwenyewe ninavyotamka.

Akauliza, "Cha kwako kilianza kama punje?"

"Kama punje ya mchele."

"Changu ni cheupe," akasema. "Kama maziwa yaliyoganda. Tangu kabla ya Krismasi."

Halafu akauliza lile swali nililolikimbia siku zote hizi. "Ni tumbaku?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umekaa pale pale unapokaaga. Nikasema, "Daktari anasema inawezekana sana, mama."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Kisha nikasikia akitema. Mara moja, kwa nguvu, halafu akasukutua maji, akatema tena.

"Meli ya kesho inaondoka saa ngapi?" akaniuliza.

Neema atampokea bandarini na kumpandisha moja kwa moja hospitalini. Nimemwomba mama aje kwangu wodini kwanza, kabla ya kwenda foleni ya daktari, na amekubali. Nataka kumwambia mwenyewe apanue mdomo. Nataka alisikie hilo kwa sauti yangu hii, ambayo ninayo mpaka Jumatano.

Fomu nimeisaini. Lile fundo la tumbaku lilikuwa bado kwenye droo ya jikoni, limebaki kama nusu. Nimelitupa chooni, na nimeosha mikono mara mbili, lakini harufu yake ipo bado kwenye vidole, na bado, Mungu anisamehe, naitamani.